Faini ya Elfu Hamsini kwa Kiroba cha Maganda

Maswali ya wasomaji: sheria ndogo na maisha ya mtaani

Barua za mwezi huu zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinagusa jambo moja: sheria ndogo za usafi, mitaro na maji, na namna zinavyowashukia watu. Tumejibu tano. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu wajumbe wengi wa kamati za mitaa wako kwenye hali hiyohiyo.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa, kata ya Sombetini, Arusha. Gari la taka hupita kwetu Jumanne na Ijumaa, lakini watu hutoa viroba siku yoyote, mbwa wanavipasua na uchafu unaishia mtaroni. Kikao kimeamua anayetoa kiroba siku isiyo yake atozwe 50,000. Wa kwanza kukamatwa ni bibi anayeuza ndizi za kuchoma, na kiroba chake kilikuwa cha maganda matupu. Nusu ya kamati inasema tukimwachia sheria imekufa. Nusu inasema tunamwonea. Tufanyeje?

Ndugu mjumbe, kabla hatujafika kwa bibi, tuanze na kikao chenu. Kamati ya mtaa haina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Kwa mijini, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura 288, imelikabidhi baraza la halmashauri jukumu hilo: wananchi hutoa maoni juu ya rasimu, madiwani huipitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huiidhinisha, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Vijijini halmashauri ya kijiji inaweza kutunga za kwake na kuzipeleka halmashauri ya wilaya ziidhinishwe. Mtaa hauna nafasi hiyo. Kwa hiyo hata kama mikono yote iliinuliwa, ile elfu hamsini iliyoandikwa kwenye muhtasari wenu si faini. Ni fedha mnazomdai mtu bila sheria.

Nendeni kwa mtendaji wa kata mkaombe nakala ya sheria ndogo za usafi wa mazingira za Halmashauri ya Jiji. Someni kifungu cha utoaji taka na kile cha adhabu. Mara nyingi mtakuta maneno "faini isiyozidi". Neno "isiyozidi" limewekwa makusudi: hicho ni kikomo cha juu kwa kosa baya kuliko yote ya aina hiyo, na chini yake kuna ngazi nyingi. Mtakuta pia kifungu cha kufifilisha kosa, yaani mkosaji akikiri kwa maandishi kwenye hati maalum na kukubali kulipa, shauri linaishia ofisini bila kwenda mahakamani. Kukiri kwenyewe ni kwa hiari yake. Asiyekiri ana haki ya kusikilizwa na mahakama, na hakuna mgambo wala mjumbe anayeweza kuchukua nafasi ya hakimu pale barabarani. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali na hutolewa risiti ya mashine. Fedha ikiingia mfukoni au kwenye daftari la mjumbe, kosa limehamia upande wa pili.

Sasa tuje kwa bibi. Wekeni mezani maswali matatu kabla ya kutaja kiasi chochote: kimeharibika nini, kinarekebishwa kwa kazi ya muda gani, na ni mara yake ya ngapi. Kiroba cha maganda kina uzito wa kilo tano au sita. Kukirudisha ndani na kufagia kilichomwagika ni dakika kumi, na hilo ni kosa lake la kwanza. Linganisheni na pikapu inayomwaga taka za baa kwenye kingo za mto usiku. Hapo kuna nusu tani ya chupa na mifuko, mkondo umezibwa, na aliyefanya amengoja giza kwa sababu anajua anachokifanya. Wote wawili wakilipa 50,000, mtaa utakuwa umetangaza kwamba makosa yao yanalingana.

Uzito wa fedha nao hutofautiana. Tuchukulie bibi anabakiwa na faida ya 5,000 kwa siku. Elfu hamsini kwake ni siku kumi za chakula, dawa na kodi ya chumba. Atakopa, au atauza jiko. Mwenye baa atailipa kwa mauzo ya saa moja na kesho pikapu itarudi. Yaani faini hiyohiyo inamfilisi mmoja na kumpa mwingine kibali cha bei rahisi.

Kuna jambo jingine ambalo kamati nyingi huliruka: kwa nini viroba vinatoka siku isiyo yake? Mkihoji nyumba kumi mtasikia yaleyale. Gari lina siku lakini halina saa. Anayekwenda kibaruani saa kumi na moja alfajiri haliwahi, na akilikosa Ijumaa anakaa na taka mpaka Jumanne, siku nne, ndani ya chumba kimoja cha kupanga chenye watoto. Basi fanyeni yafuatayo kabla ya kumtoza mtu yeyote.

Kubalianeni na mkandarasi wa taka saa ya kupita, tofauti isizidi nusu saa, na apige honi mara tatu mwanzoni mwa kila kichochoro. Kila nyumba nane hadi kumi zijenge chanja la miti lenye urefu wa mita 1.2 kutoka chini, upana wa mita moja, na kipande cha bati juu yake. Kwa kimo hicho mbwa hafiki kirahisi, na mvua ya masika haivilowanishi viroba vikapasuka vinaponyanyuliwa. Asiyeweza kuliwahi gari aruhusiwe kuweka kiroba kwenye chanja jioni ya siku iliyotangulia, kuanzia saa kumi na mbili. Na maganda ya ndizi msiyaite taka hata kidogo. Arusha imejaa watu wanaofuga ng'ombe na mbuzi ndani ya banda, na maganda mabichi ni malisho. Mtafuteni mfugaji mmoja wa karibu aache ndoo kwa bibi, aichukue kila jioni. Maganda yasikae zaidi ya siku moja, kwa sababu yakianza kuvunda mnyama huyakataa. Kwa ndoo hiyo moja, kosa la bibi limeondoka mtaani moja kwa moja.

Baada ya hapo atakayerudia mnaweza kumfuata kwa ngazi. Mara ya kwanza ni neno la mdomo, mlangoni kwake, kwa sauti ya kawaida. Kumtangaza mtu kwa kipaza sauti cha gari ni adhabu tayari, tena kubwa kuliko faini. Mara ya pili ni onyo la maandishi lenye tarehe, kitu kilichoonekana, kifungu cha sheria ndogo, kinachotakiwa kufanyika na siku ya mwisho ya kukifanya. Aliyeonywa abaki na nakala. Mara ya tatu ndani ya siku 90, daftari lenu lipelekwe kwa mtendaji, naye aanze na kiwango cha chini. Siku 90 zikipita bila kosa, hesabu inaanza upya. Bila kikomo hicho mtu atafufuliwa kosa la miaka miwili nyuma siku atakapogombana na mjumbe.

Daftari liwe na safu saba: tarehe, saa, jina, mahali, kitu, hatua iliyochukuliwa, sahihi za wajumbe wawili. Kila mwisho wa mwezi lisomeni lote kwa pamoja mkitafuta jambo moja tu: je, majina yote ni ya wapangaji na wachuuzi? Kama hakuna mwenye nyumba ya ghorofa hata mmoja, msiamini kwamba wao hawakosei.

Mambo mawili yakataeni kabisa. La kwanza, kuchukua jiko, sufuria au mzani wa mtu ili alipe. Mnamnyima kitu ambacho angepatia hiyo fedha. La pili, kumlipa mkusanyaji kwa asilimia ya faini anazoleta. Atawafuata wale wasiokimbia na wasio na wakili, kwa sababu hao ndio wepesi, na pikapu ya usiku hataiona milele.

Hofu ya nusu ya kamati kwamba sheria itakufa ina msingi, ila dawa yake si elfu hamsini. Mwambieni bibi arudishe kiroba ndani, mwandikeni kama onyo la kwanza, na wiki ijayo mmwandike vilevile mwenye duka kubwa la kona akikosea. Mtaa ukiona majina hayo mawili kwenye ukurasa mmoja, utajua sheria ipo.

Sisi ni Wasabato, tunakaa Pasua, Moshi. Usafi wa pamoja hufanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kila mwezi tunaandikiwa 5,000 kwa kutofika. Hatukatai kufanya usafi. Tukiomba siku nyingine tunaambiwa sheria ni ya wote.

Ni ya wote, na hakuna anayekataa. Lakini kinachotakiwa ni mtaro uliozibuliwa na majani yaliyofyekwa, na mtaro hauulizi umezibuliwa siku gani. Mpelekeeni mwenyekiti pendekezo hili kwa maandishi: badala ya kuhesabu watu, kila kaya ipewe kipande chake, kwa mfano mita tano za mtaro na uwanja ulio mbele yake, na kiwe safi ifikapo Jumamosi saa tatu asubuhi. Nyinyi mtafanya Ijumaa alasiri na kumaliza kabla jua halijazama. Mkaguzi akipita Jumamosi anaangalia mtaro.

Utaratibu huo utawasaidia pia muuguzi anayetoka zamu ya usiku na mama mwenye mtoto wa wiki mbili. Kinachouharibu kwa kawaida ni visingizio vya asubuhi ileile. Kwa hiyo anayetaka siku mbadala ajiandikishe kabla ya Alhamisi jioni, na ambaye hakujiandikisha na kipande chake ni kichafu ahesabiwe kama wengine. Kuhusu hizo 5,000 mlizokwisha kutoa, ombeni kuonyeshwa kifungu cha sheria ndogo ya Manispaa kinachoziruhusu na risiti zake. Ombeni kwa heshima, mkiwa watu watatu au wanne, ofisini, siku ya kazi.

Mnasisitiza upole, lakini jirani yangu hapa karibu na mto, Daraja Mbili, Arusha, hufungulia choo kila mvua kubwa ikinyesha usiku. Majitaka yanapita mlangoni kwangu na watoto wanacheza humo asubuhi. Nimwonye mara tatu huyu naye?

Hapana. Hata mara moja usingoje. Ngazi za maonyo tunazozieleza ni za makosa ambayo kesho yanarekebishika. Kutapisha choo kwenye mtaro ni njia ya moja kwa moja ya kipindupindu na homa ya matumbo, na mtoto anayeharisha sana anaweza kuishiwa maji mwilini ndani ya saa chache. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zote zinalikataza. Sheria ikikaa kimya hapa, huo si upole. Imemtelekeza mtoto wako.

Asubuhi hiyohiyo nenda kwa afisa afya wa kata. Mpe saa uliyoona, mahali majitaka yanapotokea, yanakoelekea, na picha iliyopigwa kukiwa na mwanga. Usimfuate jirani usiku kwenye mvua. Hapo hamtaelewana, na kesi itageuka kuwa ya ugomvi. Mwambie afisa akague shimo lenyewe, kwa sababu adhabu peke yake haitalipunguza. Wakati huo watoto wasikanyage mtaroni, na maji ya kunywa yachemshwe hata kama ni ya bomba.

Hata kwenye ukali huu kipimo kipo, ila kinapimwa kwingine. Kwanza, anawajibika nani? Mara nyingi faini humwangukia mpangaji aliyekutwa pale, wakati choo ni cha mwenye nyumba anayeishi mtaa mwingine na ambaye hajaita gari la kunyonya majitaka kwa miaka mitatu. Amri iandikwe kwa jina la mwenye nyumba, iwe na sehemu mbili: kuacha kutapisha leo, na kunyonya shimo ndani ya siku saba. Akishindwa, hapo faini iwe nzito kweli.

Pili, kwa nini shimo linajaa kila mvua? Angalia paa. Paa la mita za mraba 60 likinyeshewa milimita 30 hutiririsha lita 1,800. Kama maji ya paa yanamwagika karibu na choo, sehemu kubwa yake inaingia shimoni. Mfereji wa bati wa kuyapeleka upande mwingine, tuta la udongo lililoshindiliwa kuzunguka choo, na sakafu iliyoinuliwa angalau sentimita 15 juu ya ardhi vitapunguza tatizo kuliko faini tatu mfululizo. Shimo likibakiza sentimita 50 kufika sakafuni, wakati wa kunyonya umefika. Si wakati wa kungoja masika.

Nina duka la rejareja karibu na soko la Mbuyuni, Moshi. Nimemwaga zege juu ya mtaro ili wateja wavuke. Nimeambiwa livunjwe lote, meza yangu ya nje irudi ndani, na nilipe faini. Jirani mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi amepanga saruji na nondo juu ya mtaro huohuo na haguswi. Je, haki iko wapi?

Una malalamiko mawili ndani ya barua moja, na tutakujibu kila moja peke yake, maana ukiyachanganya utapoteza yote.

Kuhusu zege, waliokuambia wana sababu. Mtaro uliofunikwa kwa zege la kumwaga haufunguki. Mchanga unaoshuka na mvua hujikusanya chini yake, na vijana wa usafi hawawezi kuingiza koleo. Masika ikifika maji hayapati njia, yanaruka juu, yanakula lami na kuingia kwenye duka la chini yako. Barabara nyingi za mijini zinasimamiwa na TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanzishwa 2017, na wakikarabati mtaro watavunja tu. Lakini madhara yote hayo yanatokana na kwamba zege lako halinyanyuki. Kuwepo kwake kungevumilika. Basi omba kwa maandishi uruhusiwe kulibadilisha liwe mifuniko inayonyanyuliwa, na ujiwekee siku 14. Msimamizi mwenye busara atakubali, kwa kuwa anapata mtaro unaosafishika, wewe unapata kivuko, na mteja wa kiti cha magurudumu hapotezi njia.

Kama upana wa ndani wa mtaro ni sentimita 45, tengeneza mifuniko yenye urefu wa sentimita 60, ikae sentimita saba na nusu juu ya kila ukuta. Upana wa kila mmoja uwe sentimita 45 na unene saba. Mfuniko wa hivyo una uzito wa karibu kilo 45, watu wawili wanaunyanyua. Mafundi hupenda kuumwaga mkubwa, sentimita 90 kwa 60, ili kazi iishe haraka. Huo unakaribia kilo 90, na mkiusogeza mara moja hamtaurudia. Mchanganyiko ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto ndogo. Mfuko wa kilo 50 unatoa mifuniko saba au minane. Weka vipande vinne vya nondo ya milimita 10 vikikatiza mtaro, na vinne vya kuvifunga kwa upande. Vikae sentimita mbili kutoka chini, kwa sababu sehemu ya chini ndiyo inayovutika mtu akikanyaga katikati. Nondo ikiwekwa juu, mfuniko hupasuka upesi. Acha masikio mawili ya nondo ya kushikia, yaliyozama kidogo yasimkwaze mtu. Mifuniko imwage pembeni juu ya karatasi la nailoni, si mtaroni moja kwa moja, vinginevyo itashikana na ukuta na utarudi palepale. Imwagilie maji siku saba kabla ya kuiweka. Hii ni ya waenda kwa miguu. Gari likipanda itavunjika.

Halafu chukua futi, pima kutoka ukuta wa duka hadi mwisho wa meza yako ya nje. Piga picha futi ikionekana. Ukijua umevuka mpaka kwa sentimita ngapi, utazungumza na mgambo kwa namba, na namba hutuliza sauti. Kama umezidi sentimita 20 na zinarudishwa ndani kwa dakika mbili, kurudisha ndiyo hatua inayostahili. Na wakichukua bidhaa zako, dai orodha yenye idadi na sahihi kabla hazijapakiwa, hasa kama ni nyanya au mikate, ambavyo vikilala stoo siku mbili havirudi tena kuwa bidhaa.

Sasa jirani. Usikatae kurekebisha kwa sababu yeye hajarekebisha. Ukifanya hivyo, shauri litakuwa la ukaidi wako na yeye atasahaulika. Rekebisha kwanza, kisha andika barua ya nakala mbili kwa mtendaji wa kata: eleza ulichotakiwa kufanya, tarehe uliyokamilisha, na kwamba kwenye mtaro huohuo, mita kadhaa kutoka kwako, kuna mzigo wa saruji na nondo. Omba jambo moja tu, ukaguzi wa mtaro mzima kutoka kona hadi kona kwa kipimo kilekile. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Tani mbili za saruji juu ya ukuta wa mtaro zinaweza kuubomoa, na sentimita 20 za meza hazifanyi hivyo. Tunasema waziwazi kwamba msimamizi anayeanza na meza na kuliruka lundo lile anakosea, na anawafundisha watu wa soko zima kwamba kipimo ni mfuko wa mtu.

Mimi ni katibu wa kamati ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba, Kibosho. Kaya ni 40, mfereji una urefu wa mita 1,200. Kanuni yetu: asiyefika kwenye usafi wa mfongo analipa 3,000, akikosa mara tatu anakatiwa maji msimu mzima. Mjane mmoja anayemuuguza mama yake kitandani amekosa mara tatu. Wenye mashamba ya chini wanataka akatiwe.

Katibu, desturi ya mifongo ya Kilimanjaro ya kumtaka asiyefika alipe kabla ya kurudishiwa zamu yake ya maji ina maana yake. Tope likiachwa, wa chini hapati maji. Wenye mashamba ya chini wana haki ya kulalamika, kwa hiyo deni la mjane lisifutwe. Lipimwe tu.

Mita 1,200 kwa kaya 40 ni mita 30 kila kaya. Mfongo wa upana wa nusu mita wenye tope la sentimita 10 una mita moja na nusu ya ujazo ya kutoa kwenye kipande hicho, kazi ya mtu mmoja ya siku moja na nusu hadi mbili kwa jembe na koleo. Hilo ndilo deni, na linalipika: akodi kijana, aifanye mwenyewe kwa vipande, au awapikie wanaofanya kazi kama kamati itakubali kulihesabu hivyo. Sasa angalieni adhabu mliyoandika. Migomba ikikosa maji kiangazi kizima, mikungu inadumaa, na chipukizi linahitaji mwaka au zaidi kufika kwenye mkungu. Mnataka kumlipisha mwaka mzima kwa kazi ya siku chache.

Badilisheni kifungu, kiandikwe hivi: "Aliyekosa mara tatu bila kutoa taarifa atapunguziwa zamu kwa robo, kwa zamu mbili, na atabaki na deni la kazi litakalopimwa kwa mita. Maji ya kunywa ya watu na mifugo hayatakatwa." Kama zamu ni saa nne, anapata saa tatu. Ataumia kiasi cha kukumbuka, na shamba litabaki hai. Adhabu nzito iwekeni kwa anayefungua maji usiku kwenye zamu ya mwenzake, maana huyo anawanyang'anya wa chini maji yaliyokwisha kugawiwa. Hakikisheni pia kibali chenu cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kiko hai. Mkutano unaogombania mita 30 za tope hauna nguvu kama mfongo wenyewe hauna kibali.

Kifungu kipya kisomwe kwenye mkutano kabla ya usafi ujao na kitumike kuanzia siku hiyo. Mjane mpangieni mita 30 zilizo karibu kabisa na nyumba yake, hata kama utaratibu wenu ni wa kura, ili akiwa kazini aweze kurudi ndani kila baada ya saa mbili kumgeuza mama yake.